Kisima au Mnunuzi: Mjadala juu ya Mafuta ya Oman

Tarehe 27 Julai 1967 meli iitwayo Mosprince iliondoka pwani ya Muscat na mapipa 543,800 ya mafuta ghafi, kila pipa limeuzwa kwa dola 1.42. Huo ulikuwa mzigo wa kwanza wa mafuta ya Oman kwenda nje. Yalitoka Fahud na visima jirani, ndani kabisa jangwani, yakasafiri kwa bomba la kilomita zipatazo 280 mpaka baharini. Miaka mitatu baadaye, Sultan Qaboos alipotwaa madaraka, nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi.

Leo Oman inatoa karibu mapipa milioni moja kwa siku, na katika kila riali kumi zinazoingia hazina, kama saba zinatokana na mafuta na gesi. Nini kitafuata? Swali hilo ni la zamani, na huko Muscat linajadiliwa kwa Kiswahili pia. Baada ya 1970 Sultan aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi, na wengi waliotoka Zanzibar, kwa kuwa walisoma na walijua Kiingereza, waliingia moja kwa moja katika wizara, mabenki na PDO, kampuni kubwa ya mafuta ambamo serikali ina asilimia 60 na Shell asilimia 34.

Wazungumzaji wanne wa hapa chini nimewabuni. Takwimu wanazozitaja sikuzibuni. Mhandisi ni mstaafu wa visima, mzaliwa wa Unguja. Mhasibu ni binti wa Muscat, anafanya kazi katika kampuni binafsi. Bi Mkubwa ni mtu wa Pemba aliyehamia Oman utu uzimani. Mgeni ametoka Dar es Salaam, anafundisha chuo. Kahawa ipo, haluwa ipo, na Mhandisi ndiye aliyeanza, kama kawaida yake.

MHANDISI: Siku niliyoajiriwa niliambiwa mafuta yamebakia ya miaka ishirini. Nimestaafu, nina wajukuu, na bado naambiwa ya miaka ishirini. Hiyo ishirini inahesabiwa kwa kalenda gani?

MHASIBU: Ami, hesabu yake wala si ngumu. Akiba iliyothibitishwa ni kama mapipa bilioni 5. Kwa siku tunatoa kama milioni moja. Ukigawa, inakuja miaka kumi na tatu, kumi na nne. Hata hiyo ishirini haifiki.

MHANDISI: Nyie wahasibu mnadhani chini kule kuna tangi. Akiba iliyothibitishwa si mafuta yote yaliyomo ardhini. Ni yale tunayoweza kuyatoa kwa ufundi tulionao, kwa bei iliyopo, tukabaki na faida. Ufundi ukikua, akiba inakua, na hakuna tone lililoongezeka. Mwaka 2001 tulikuwa tunatoa mapipa yapatayo 960,000 kwa siku. Kufika 2007 tumeshuka mpaka 710,000 hivi. Watu walikwishatuandikia tanzia. Nini kilitokea? Mwaka 2016 tulipita milioni.

MGENI: Mligundua visima vipya, Mzee?

MHANDISI: Vipya vilikuwepo, lakini kazi kubwa ilifanyika kwenye vya zamani. Chukua Mukhaizna. Mafuta ya pale ni mazito, hayatembei. Ukitoboa kisima, yanakutazama tu. Basi unayapelekea mvuke wa moto chini, yanalainika, yanakuja. Marmul, kule kusini, tunatia polima katika maji ili maji yawe mazito, yayasukume mafuta badala ya kuyapita pembeni. Na kule Amal walijenga kitu ambacho ningependa ukione kwa macho yako: mabanda marefu ya kioo, kama yale ya kuoteshea mboga, na ndani yake vioo vilivyopinda vinavyolifuata jua kutwa nzima. Jua linachemsha maji, mvuke unaingia ardhini. Vioo vimewekwa ndani kwa sababu ya vumbi. Vikikaa nje vinapofuka kwa siku chache. Paa la banda linaoshwa na mashine usiku.

MHASIBU: Na maji, Ami. Mwambie habari ya maji.

MHANDISI: Maji ndiyo mengi. Visima vya Nimr vinatoa maji mengi mno kuliko mafuta, maji machafu yenye chumvi na mabaki ya mafuta. Zamani tuliyarudisha chini kwa pampu, gharama tupu. Sasa yanaachiwa yatiririke yenyewe katika mashamba ya matete yaliyopandwa jangwani, matete yanayasafisha. Ndege wanaohama kutoka bara hadi bara wamegundua mahali pale, wanatua kwa maelfu.

Hapa namuunga mkono Mhandisi. Wanaoandika kwamba mafuta ya nchi fulani yataisha mwaka fulani, mara nyingi wamegawa namba mbili tu, kama alivyofanya Mhasibu. Kisima hakina tarehe ya kwisha iliyoandikwa ubavuni. Lakini Mhasibu alikuwa bado hajafika kwenye hoja yake.

MHASIBU: Nakubali, mafuta yapo. Swali langu ni pipa moja linatoka kwa gharama gani. Mvuke, polima, vioo, vyote ni pesa. Kuwait na Saudia mafuta yao yanakuja juu kwa gharama ndogo, sisi tunayabembeleza. Kwa hiyo bei ikianguka, wao wanapungukiwa, sisi tunaumia. Na tulishaumia. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Mwaka ule nakisi ya bajeti ilikuwa riali bilioni 5.3, kama moja ya tano ya pato lote la taifa. Ami, hiyo ni nchi nzima kuishi kwa mkopo mwaka mzima.

BI MKUBWA: Ndio mwaka petroli ilipopanda?

MHASIBU: Ndio huo, Bibi. Ruzuku ya mafuta iliondolewa Januari 2016. Deni la serikali, ambalo mwaka 2014 halikufika asilimia 10 ya pato la taifa, kufika 2020 lilikuwa linakaribia 70. Aprili 2021 ikaja Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 5. Riali yetu imefungwa kwa dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, haiyumbi, na hilo ni jema kwa mwananchi anayenunua mchele wa Pakistan. Lakini maana yake ni kwamba serikali haiwezi kuishusha sarafu ili ijipumzishe. Inabaki kukopa, kukata, au kutoza.

MHANDISI: Na deni limelipwa! Sema na hilo. Kufika 2024 lilikuwa limeshuka mpaka asilimia 35 hivi, na wakadiriaji wa mikopo wa dunia wameturudisha katika daraja la nchi za kuaminiwa.

MHASIBU: Limelipwa, na aliyelilipa apewe haki yake. Serikali nyingine ingepata pesa ile ikajenga mnara. Lakini pesa yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 2022 bei ilipanda kwa sababu ya vita vya Ukraine. Tulijisahihisha kwa mafuta yaleyale yaliyotuangusha. Hiyo ndiyo ninayoita kutegemea.

MGENI: Samahani, lakini nikisoma kuhusu Oman nakutana na bandari ya Sohar, kiwanda cha aluminiamu, mbolea ya Sur, eneo la viwanda la Duqm. Hiyo si ndiyo kuondoka kwenye mafuta?

MHASIBU: Hebu tazama kila kimoja kinakula nini. Aluminiamu inayeyushwa kwa umeme mwingi mno, na umeme ule ni wa gesi. Mbolea ya urea inatengenezwa kwa gesi. Methanoli ya Salalah, gesi. Chuma cha Sohar, gesi. Duqm nako, kitu kikubwa kilichofunguliwa Februari 2024 ni kiwanda cha kusafisha mafuta, mapipa 230,000 kwa siku, ubia na Wakuwait. Maji ya bomba unayokunywa Muscat yametoka baharini, yameondolewa chumvi kwa nishati ya gesi. Viwanda vimeongezeka, sikatai, ila vyote vinanyonya bomba moja.

MHANDISI: Na ubaya uko wapi? Nigeria ina mafuta kuliko sisi, na kwa miaka mingi imenunua petroli nje. Sisi tunachukua gesi yetu, tunaipa mkono wa kijana wa Sur, inatoka mbolea. Ulitaka tuiuze ghafi?

MHASIBU: La, Ami, sisemi hivyo. Nasema tusijidanganye kwenye kuhesabu. Mpango wa Dira ya 2020 ulitangazwa miaka ya tisini. Wakati ule mafuta yalikuwa kama asilimia 41 ya pato la taifa. Ikasemwa ifikapo 2020 yatakuwa asilimia 9, na gesi ipande ifike 10. Mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya tarehe, mafuta na gesi vilikuwa bado kama theluthi moja. Sasa tuna Dira ya 2040, na inataka sekta zisizo za mafuta ziwe zaidi ya asilimia 90. Nitafurahi zikifika. Lakini kiwanda kinachokula gesi ya bei nafuu kimeandikwa katika safu ya "visivyo vya mafuta". Ukikata gesi, safu hiyo inaporomoka pamoja na ile nyingine.

Mhandisi hakujibu upesi. Alimimina kahawa, akasema habari ya umeme wa jua wa Ibri na Manah, ya upepo wa Dhofar, ya mipango ya haidrojeni ambayo serikali imeiundia kampuni yake tangu 2022 ikiwa na shabaha ya tani milioni moja kwa mwaka ifikapo 2030. Yote ni kweli, na yote yamo katika hotuba. Umeme wa jua umeshaanza kupunguza gesi inayochomwa mitamboni, na huo ni ushindi. Haidrojeni bado inatafuta mnunuzi atakayetia saini kwa bei inayolipa. Naiacha hapo, kwa sababu ni katika nukta hii ya mnunuzi ndipo Bi Mkubwa, aliyekuwa kimya muda mrefu, alipoweka kikombe chini.

BI MKUBWA: Mmeshamaliza? Maana nyie wawili mnabishana kisima kina nini. Mie nimezaliwa Pemba, nimekulia chini ya mikarafuu. Mnaijua karafuu?

MGENI: Tunaijua, Bibi.

BI MKUBWA: Mnaijua ya dukani. Karafuu ni kazi, baba. Mchumaji anapanda, anavuta tawi kwa kamba, anavunja kichala kwa kichala asiumize chipukizi la mwakani. Jioni nyumba nzima mnakaa barazani mnachambua, karafuu huku, vikonyo huku, mpaka vidole vinawaka. Asubuhi mnaanika kwenye mikeka. Wingu likionekana, wakubwa kwa watoto mbio, kuanua. Mvua ikizipata zinaharibika, na serikali haizitaki. Na kuuza ni kwa serikali tu. Hakuna mwingine wa kumuuzia. Bei anapanga yeye, na yeye anauza nje kwa bei ambayo wewe huijui. Ndiyo maana watu walikuwa wanazivusha usiku kwa mashua kwenda Mombasa, na ukikamatwa, hukumu yake haikuwa ya mchezo.

MHANDISI: Hayo twayajua, Bi Mkubwa, lakini yanahusu nini?

BI MKUBWA: Subiri. Nani alikuwa akinunua karafuu ile? Indonesia. Wana sigara zao, kretek, wanazitia karafuu. Walinunua mwaka baada ya mwaka, na sisi tukajiona dunia haiwezi kuishi bila ya Pemba. Kumbe wanapanda. Miaka ya themanini miti yao ikakua, wakajitosheleza, wakaacha kununua. Bei ikaanguka hata ikawa haifiki moja ya tano ya ilivyokuwa. Sasa nakuuliza wewe mhandisi: mikarafuu ya Pemba ilikauka?

MHANDISI: Haikukauka.

BI MKUBWA: Ilisimama vilevile, ikazaa vilevile. Watu waliacha kuchuma. Karafuu zinaiva juu ya mti, zinaanguka, unazikanyaga njiani. Miaka yote wazee wetu waliogopa ugonjwa wa mikarafuu, waliogopa kimbunga kama kile cha 1872 kilichofyeka Unguja. Hakuna aliyemuogopa mnunuzi.

MGENI: Na mafuta ya Oman yananunuliwa na nani?

MHASIBU: China. Sehemu kubwa kabisa ya mafuta ghafi inakwenda China.

BI MKUBWA: China anafanya nini siku hizi?

MGENI: Anatengeneza magari ya umeme, Bibi. Mwaka 2024, karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa kule yalikuwa ya kuchaji.

BI MKUBWA: Basi.

MHANDISI: Basi nini? Bi Mkubwa, haki yako, umesema kitu. Lakini Indonesia iliweza kupanda karafuu. China haiwezi kupanda mafuta. Na mafuta si gari tu. Ndege inaruka kwa nini? Plastiki? Dawa? Nguo uliyovaa? China ikipunguza, India ipo, na India ndiyo kwanza inanunua magari. Tena sisi tuna bahati ya mahali: bandari za Mina al Fahal, Sohar, Duqm, zote ziko nje ya mlango wa Hormuz. Kukitokea vita katika Ghuba, meli zetu hazina haja ya kupita pale.

BI MKUBWA: Hahitaji kupanda mafuta. Anahitaji kupunguza kidogo tu. Karafuu nazo kuna watu waliendelea kununua, si kwamba dunia ilisusa. Bei ndiyo iliyotuua. Huyu binti amekwisha kusema: yetu ni ya kubembeleza, ya gharama. Soko likibana, anayetoka kwanza ni yule anayetoa kwa gharama.

MHANDISI: Lakini bei ya karafuu ilirudi! Miaka hii mkulima wa Pemba analipwa asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Nimemsikia ndugu yangu wa Wete akijisifu.

BI MKUBWA: Ilirudi, ndiyo. Ilirudi baada ya miaka zaidi ya ishirini. Wanangu walikuwa washahama, na mie nikawafuata huku.

Kwa muda hapakuwa na aliyesema. Nadhani hoja ya Bi Mkubwa ndiyo inayokosekana katika maandishi mengi kuhusu nchi za mafuta. Tunauliza mafuta yatakwisha lini, au bei itapanda lini, kana kwamba nchi inaweza kungoja. Nchi labda inaweza. Mtu hawezi: ana miaka michache ya ujana, na kazi anaitaka katika miaka hiyo. Kutoka hapo mazungumzo yakahamia mahali ambapo yalipaswa kufika tangu mwanzo.

MHASIBU: Watu wakisema tunategemea mafuta wanafikiria hazina. Mimi nafikiria ahadi. Kisima chenyewe kinaajiri watu wachache. Kazi ya kisima ni ya mashine. Mafuta yanaajiri kwa kupitia serikali: serikali inapata pesa, inafungua idara, inaajiri. Hiyo ndiyo ahadi tuliyokulia. Soma, kisha wizara. Duka, gereji, ujenzi, hospitali binafsi, humo wamejaa wageni. Katika watu zaidi ya milioni 5 wanaoishi Oman, zaidi ya wanne katika kumi si raia. Mwajiri binafsi anampenda anayekubali mshahara mdogo na saa nyingi. Kijana wetu naye anapiga hesabu: nianze kwa mshahara wa dukani, au nisubiri serikali?

BI MKUBWA: Wanasubiri. Ninao wawili nyumbani.

MHASIBU: Na wakichoka kusubiri, wanatoka. Mwaka 2011 walitoka Sohar. Mji wenye bandari na viwanda vyote vile, ndiko walikotoka kudai kazi! Serikali ikaahidi nafasi 50,000 na posho ya riali 150 kwa mwezi kwa asiye na kazi. Mei 2021 wakatoka tena, Sohar hiyohiyo, ikatangazwa mipango ya nafasi 32,000. Pesa ya kulipia ahadi hizo inatoka pale pale. Bei ya pipa ikiwa juu, ahadi inalipika. Ikiwa chini, tunakopa ili tutimize ahadi.

MHANDISI: Kwa hiyo unataka serikali iwaambie vijana nini? Nendeni mkalime mitende?

MHASIBU: Nataka iwaambie ukweli wa hesabu, na naona imeanza. Mwaka 2025 imetoka amri ya kifalme: kuanzia Januari 2028 kutakuwa na kodi ya mapato ya mtu binafsi. Ya kwanza katika nchi zote sita za Ghuba.

MHANDISI: Hiyo ndiyo inayonitia uchungu! Mafuta ni ya nchi, nchi ni yetu. Nimekaa jangwani miaka, jua la Juni unalijua wewe? Leo mwanangu aliyefika juu kwa jasho lake akatwe kodi, na mafuta bado yanatoka milioni moja kwa siku?

MHASIBU: Asilimia 5, Ami, na ni kwa kinachozidi riali 42,000 kwa mwaka. Serikali yenyewe inasema asilimia 99 ya watu haitawagusa.

MGENI: Riali elfu arobaini na mbili? Hizo ni zaidi ya dola laki moja. Jamani. Kwetu Tanzania mshahara ukizidi shilingi 270,000 kwa mwezi umeshaanza kukatwa, na hiyo haifiki hata riali hamsini.

BI MKUBWA: Nyie mmezoea.

MGENI: Tumezoea, Bibi, na kwa kuwa tumezoea tunauliza. Mtu akikatwa anataka kujua barabara yake iko wapi. Anaweza asijibiwe, lakini anauliza kwa kinywa kipana. Niwaulize nyie: Muomani akiona idara imeharibu pesa, anaona zimeharibika zake?

MHANDISI: Anaona zimeharibika za serikali.

MGENI: Ndiyo tofauti yenyewe. Nami nasema hivi nikiwa na hofu ya kwetu. Tuna gesi nyingi baharini kule Lindi na Mtwara, mazungumzo ya kiwanda cha kuichakata kuwa kimiminika yamekwenda miaka. Bomba la mafuta ya Uganda linakuja Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kwa ajili ya bomba la gesi kwenda Dar, na watu wakafa. Yaani kwetu ahadi ilitangulia gesi.

MHANDISI: Hapo nakupa wosia wa mzee. Msiwaambie watu wenu gesi itawapa kazi. Itawapa kazi wakati wa kujenga. Kiwanda cha Qalhat, karibu na Sur, kilipokuwa kinajengwa palikuwa na watu kama siafu. Kilipoanza kusafirisha gesi mwaka 2000, kilibaki na watu wake wachache wenye ujuzi, na meli zinakuja, zinajaza, zinakwenda Korea na Japani. Pesa nyingi, watu wachache. Hiyo ndiyo biashara ya gesi.

MHASIBU: Ami, sasa umesema yangu.

MHANDISI: Nimesema yangu. Kisima hakina makosa. Ila nakubali kwamba sisi watu wa visima tulifanya kazi yetu vizuri mno, mpaka wengine wakaona hakuna haja ya kufanya yao.

Sikutegemea kumsikia akisema hivyo, hata kama maneno ni mimi niliyempa. Ukimwachia mhusika aseme kwa haki, hufika mwenyewe. Bado sikubaliani naye kuhusu kodi. Uchungu wake naufahamu. Lakini tazama serikali inabeba nini tangu sheria mpya ya hifadhi ya jamii ianze kulipa mwaka 2024: kila mtoto wa Kiomani ana riali 10 kwa mwezi, mzee aliyefika miaka 60 ana riali 115. Ni sheria nzuri, ya heshima. Inalipwa kila mwezi, bei ya pipa iwe 100 au iwe 30. Malipo ya kila mwezi yanataka mapato ya kila mwezi, na mapato ya namna hiyo hayatoki Beijing.

Mhasibu naye ana kasoro yake. Anazungumza kana kwamba kodi ikitozwa, kazi zitazaliwa. Hazitazaliwa kwa hilo. Asilimia 5 ya mishahara ya watu wachache sana haiwezi kuziba pengo la pipa likianguka kwa dola 10. Faida ya kodi hiyo ni nyingine: inaifanya serikali kwa mara ya kwanza iwe na sababu ya kutaka raia wake wapate mishahara mikubwa nje ya wizara. Mpaka leo, kijana akiajiriwa na kampuni binafsi ya Sohar, hazina hainufaiki moja kwa moja na mshahara wake. Inapumua tu kwamba ameondoka kwenye foleni.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Bi Mkubwa, na lawama yangu kwa Dira zote mbili ni moja. Zimepima kisima. Zimeuliza mafuta ni asilimia ngapi ya pato la taifa, kipimo ambacho hupanda na kushuka kwa bei ya soko hata kama hakuna aliyefanya lolote: pipa likianguka, sehemu ya mafuta inapungua na nchi inaonekana imejikomboa, kumbe imefilisika. Kipimo cha kumuogopa mnunuzi kingekuwa rahisi zaidi. Siku China ikikata oda yake kwa robo, mishahara ya mwezi ule inatoka wapi, na ni ya nani itakayochelewa?

Bajeti ya Oman hutangazwa mwanzoni mwa Januari, na magazeti hukimbilia bei ya pipa iliyokadiriwa. Ya mwaka 2025 ilikuwa dola 60. Msomaji wa Muscat, na wa Dar es Salaam pia siku gesi ya Lindi itakapoanza kulipa, naomba uiruke bei hiyo. Nenda kwenye mstari wa mapato yasiyotokana na mafuta wala gesi, kisha nenda kwenye mstari wa mishahara ya serikali, uiweke pamoja. Kama wa kwanza hautoshi kulipa wa pili, nchi bado iko mikononi mwa mnunuzi.